Mlango wa Gari Ukiganda: Niliyojifunza Minnesota

Wageni wanaofika Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kutoka kwetu huusiwa mengi kuhusu baridi: nunua koti zito, vaa soksi za sufu, usitoke nje na nywele mbichi. Kuhusu mlango wa gari hakuna anayewaambia kitu. Wanakuja kuyajua wenyewe alfajiri moja wanapotoka kazini, wanashika mkono wa mlango, wanavuta, na mlango hausogei.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na riziki yangu naipata Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi hii inawalisha Wakenya wengi wa huku, na wengi wetu tunachukua zamu ya usiku ili mchana tusome au tulee watoto. Tunaingia saa tano usiku, tunatoka saa moja asubuhi. Maana yake ni kwamba gari limelala nje saa nane katika wakati ambao baridi imekaza kabisa, na anayekwenda kulifungua amechoka, macho mazito, tena ana haraka ya kumwahi mtoto kabla basi la shule halijapita. Haraka hiyo imevunja mikono mingi ya milango kuliko barafu yenyewe.

Ningeomba kila mgeni alijue jambo moja kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Baridi peke yake haifungi mlango. Maji ndiyo yanayoufunga. Kitasa kikavu hufunguka hata nyuzijoto za Selsiasi zikiwa 30 chini ya sifuri, na kitasa chenye tone la maji hukwama zikiwa 2 tu chini ya sifuri. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ndani ya tundu la ufunguo hakuna nafasi ya kutanukia. Mle ndani mna vibati vyembamba vinavyosukumwa na springi ndogo sana. Ufunguo ukiingia, unavipanga, na silinda inazunguka. Barafu kidogo tu ikivishika vibati hivyo, ufunguo wako ni halali lakini hauna kazi.

Ushahidi wa hili niliuona tarehe 30 Januari 2019. Asubuhi ile Minneapolis ilishuka hadi nyuzijoto 33 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwapo mwili ulihisi karibu 48 chini. Shule zilifungwa, hata posta ilisitisha kupeleka barua katika jimbo zima. Kwenye maegesho ya kazini kwetu milango ilifunguka. Hewa ilikuwa kavu na theluji ilikuwa unga mtupu, hakuna maji ya kuingia popote. Kilichotuangusha siku ile ni betri: mtu anaingia garini vizuri, anakaa, anazungusha ufunguo, anasikia mlio mmoja dhaifu, basi.

Siku za kuogopa kwa upande wa vitasa ni zile ambazo watu huku wanafurahi na kufungua makoti. Mwanzoni mwa Desemba, au Machi, jua linatoka, joto linapanda kidogo juu ya sifuri, na theluji iliyolala juu ya paa la gari inaanza kuchuruzika. Inafuata mlango, inapita juu ya raba za ukingo wa mlango, inaingia tunduni. Jua likizama, kila tone linabaki pale lilipofika. Mvua inayoganda ni mbaya zaidi, maana inalivika gari zima ngozi ya barafu ndani ya saa chache. Na lipo lingine ambalo watu hawalifikirii: umeendesha gari ukiwa umewasha hita, umefika, umeliegesha likiwa na joto, theluji inaanguka juu yake. Joto la ndani linaiyeyusha ile ya kwanza, maji yanashuka kwenye mianya ya milango, kisha gari linapoa. Hujakanyaga dimbwi wala hujaosha gari, lakini mlango umeshaganda.

Kuosha gari nako kuna wakati wake. Huwezi kuacha kuliosha majira yote ya baridi, kwa sababu barabara za huku zinamwagiwa chumvi na chumvi hiyo inakula bodi kutoka chini. Mimi huosha siku ambayo joto limepita sifuri, asubuhi au mchana, kamwe si jioni. Nikitoka nafungua milango yote minne na buti, nachukua kitambaa kikavu, napangusa raba na ile kingo ya bodi ambayo raba inaikalia. Nafanya hivyo hata kama kuna gari nyuma yangu linapiga honi. Atasubiri kidogo.

Sasa, mlango ukikataa, usikimbilie dawa. Uliza kwanza ni nini kilichoganda, maana ziko sehemu tatu na kila moja ina dalili yake. Kama ufunguo hauingii, au unaingia lakini hauzunguki, ni silinda. Kama umesikia loki imefunguka, mkono wa mlango unavutika kama kawaida, lakini mlango umeng'ang'ania pande zote, ni raba zimegandiana na bodi. Na kama mkono wenyewe ni mgumu, au umelegea unavutika bila kushika kitu, huenda ni loki iliyo ndani ya mlango. Watu wengi wanamwagia kila kitu dawa ya tunduni wakati tundu halina shida yoyote. Kwa magari ya siku hizi yanayofunguliwa kwa rimoti, kinachosumbua zaidi ni raba.

Somo la raba nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Alikuwa mkulima maisha yake yote, ng'ombe wa maziwa, na ingawa miguu ilikuwa imemwacha, kila nilipoingia kumwamsha alinitaka nimweleze hali ya nje: upepo unatoka wapi, theluji ni kavu au mbichi. Moyoni nilimwita babu. Siku moja nilimwambia kwamba mlango wangu umenitesa, nimevuta mpaka nimeogopa. Akaniuliza kwa nini navuta. Akainua kiganja chake kikubwa, akakibandika kwenye ukingo wa kitanda, akaegemeza bega polepole, akaachia, akaegemeza tena. Sukuma kwanza, alisema, usivute. Ukiuegemea mlango kwa uzito wa mwili, raba inabonyea na ile barafu nyembamba iliyo katikati inapasuka, kwa sababu barafu haijui kubonyea. Unazunguka hivyo: karibu na kioo, katikati, chini, upande wa bawaba. Unasikia sauti ndogo za kukatika. Hapo ndipo unavuta, tena unashika karibu na bodi, kwa mkono mzima, si kwa vidole viwili kwenye ncha ya kishikio. Vishikio vya magari mengi ni plastiki, na plastiki kwenye baridi kali inakuwa kavu, inakatika.

Nimeitumia njia ya babu tangu wakati ule na mara nyingi sana inatosha peke yake.

Ikiwa ni silinda, kinachosaidia ni alkoholi. Kuna vichupa vidogo vinavyouzwa kwenye vituo vya mafuta, vya kuyeyushia barafu ya kitasa. Ndani yake mna alkoholi na mara nyingine mafuta kidogo ya kulainisha. Unaelekeza mdomo wa kichupa tunduni, unaminya, unasubiri, unaingiza ufunguo na kuutikisa taratibu ndani na nje kabla ya kujaribu kuuzungusha. Ukikataa, rudia. Usiulazimishe, kwani ufunguo ukikatikia ndani shida yako ya dakika tano inakuwa ya fundi na hela nyingi. Kama huna kichupa, sanitaiza ya mikono tunayotembea nayo sote tunaofanya kazi ya uuguzi inafanya kazi ileile, kwa sababu zaidi ya nusu yake ni alkoholi. Pakaza ufunguo pande zote mbili, uingize, usubiri, uutoe, uufute, upakaze tena. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo inafaa. Vyote hivi vinashika moto, kwa hiyo usivichanganye na laita.

Na hiyo laita yenyewe, zamani watu walikuwa wakipasha ufunguo moto nayo. Kwa ufunguo wa chuma kitupu inafaa, mradi uushike kwa glavu. Funguo nyingi za leo zina chipu kwenye kile kichwa cha plastiki, na gari halitawaka bila chipu hiyo. Ukiichoma, mlango utafunguka lakini gari halitakwenda. Mimi nikitaka kuupasha moto ufunguo nauweka kwapani ndani ya koti kwa muda, na hautapata madhara.

Kupulizia pumzi tunduni naona watu wakifanya, nami nawazuia. Pumzi ni ya moto, kweli, lakini imejaa unyevu, na unyevu huo unaganda mle mle. Tena mdomo ukigusa chuma kwenye baridi ile unagandia, na ngozi inabaki pale.

Maji ya moto ndiyo yanayonitia uchungu zaidi, kwa sababu ni fikra ya kwanza ya kila anayetoka nchi ya joto, na ni fikra yenye nia njema. Kijana mmoja jirani yetu, hata msimu mmoja hajamaliza hapa, alimwona mke wake anahangaika na mlango, ana mimba kubwa, upepo unavuma. Akaingia ndani mbio, akatoka na birika la maji yaliyochemka, akayamwaga kuanzia juu ya dirisha. Kioo kilipasuka kabla birika halijaisha. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ameshasimama barazani na mkoba wa shule mgongoni. Nilimwona kijana yule amesimama na birika mkononi, hajui afanye nini, na nilimhurumia sana. Kioo kilichopoa kiasi kile hakistahimili moto wa ghafla. Hata kisingepasuka, yale maji yangeshuka ndani ya mlango, na baada ya dakika chache kungekuwa na barafu nyingi kuliko ya mwanzo, tena kwenye loki ambako mkono haufiki. Kama gari liko karibu na umeme, mashine ya kukaushia nywele ni bora: inatoa joto bila kuongeza maji. Na kuna yale maji ya buluu ya kuoshea kioo cha mbele, yanayouzwa huku yakiwa yametengenezwa kustahimili karibu nyuzijoto 29 chini ya sifuri. Ukiyamimina kidogo kwenye mstari wa raba yanayeyusha bila kuganda tena. Yaweke mbali na watoto, maana mengi yana methanoli, na methanoli ni sumu.

Sehemu ya tatu, loki ya ndani ya mlango, ina vituko vyake. Usiku mmoja, tukielekea kazini mimi na mwenzangu wa zamu, mlango wangu ulifunguka vizuri, nikakaa, nikauvuta nifunge. Ukagonga bodi na kurudi. Nikaubamiza. Ukarudi. Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Pembeni mwa mlango kuna kile kidude cha chuma chenye umbo la kulabu, kinachozunguka na kushika chuma kilichoko kwenye fremu ya gari. Mlango ukifunguliwa, kulabu inatakiwa kubaki wazi, na ukifungwa ijizungushe na kushika. Yangu ilikuwa imejaa grisi ya zamani iliyoingiwa na maji, ikaganda, springi ikashindwa kuizungusha. Ukiubamiza mlango katika hali hiyo huongezi chochote ila kuharibu loki na fremu. Mwenzangu alishuka, akamulika kwa simu, akaninyoshea kile kichupa cha alkoholi. Tuliloweka ile kulabu, tukasubiri huku tumewasha hita imeelekezwa pale, kisha nikaisukuma kwa bapa la bisibisi mpaka ikaanza kuzunguka. Ilikwenda nusu, ikakwama, ikaenda tena. Tulichelewa kazini, na aliyekuwa akitungoja tumpokee zamu alinung'unika, lakini tulifika na milango imefungwa. Nimesikia watu wanaofunga mlango kwa kamba au kwa mkanda wa kiti na kuingia barabara kuu hivyo. Tafadhali usifanye. Kona moja, mlango unafunguka, na wewe ndiye uliyekaa upande huo.

Kuna kitu kinachohusu magari ya rimoti ambacho kinanisumbua kwa sababu wenye magari hawakijui mpaka kimewafika. Ndani ya rimoti mna kibetri kidogo cha mviringo, na kwenye baridi kali nguvu zake hupungua. Ikiwa rimoti haiitikii, iweke kwenye mfuko wa ndani ulio karibu na mwili kwa dakika chache, huenda ikazinduka. Lakini kama ni betri kubwa ya gari iliyokufa, hata rimoti nzima haitasaidia, kwa sababu loki za umeme hazina umeme. Hapo unahitaji ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti yenyewe: kuna kitufe kidogo au kilimi pembeni, unakivuta, unachomoka. Na tundu lake lipo kwenye mlango wa dereva, mara nyingine limefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye kishikio. Tundu hilo halijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Limeshika kutu na vumbi la chumvi, na siku ya kulihitaji ndiyo siku ya baridi kuliko zote. Kwa hiyo nina mazoea ya kufungua mlango wangu kwa ufunguo wa chuma mara kwa mara hata kama rimoti ni nzima. Inachukua muda mfupi sana, na silinda inabaki hai.

Matayarisho mazuri hufanyika Oktoba, kabla gari halijanyeshewa theluji. Napangusa raba zote kwa maji na sabuni, naziacha zikauke kabisa, kisha nazipaka silikoni ya kupuliza, kwanza kwenye kitambaa halafu kwenye raba, ili isisambae kwenye vioo. Wengi wetu tunafikiria mafuta ya mgando kwanza, kwa kuwa hayakosekani nyumbani. Mafuta yanayotokana na petroli huvimbisha raba za milango na kuzilegeza kadiri muda unavyokwenda. Glisirini ile ile tuliyopakwa utotoni haina madhara hayo, nami nimewahi kuitumia nilipokuwa sina hela ya silikoni, ilinifaa. Kwenye silinda natumia grafiti ya unga au kilainishi kikavu, kwa sababu mafuta mazito hukusanya uchafu na kuwa gundi kwenye baridi. Na kama kitasa kimeganda ukakiyeyusha kwa alkoholi, ujue alkoholi hiyo imeosha pia kilainishi kilichokuwamo. Siku gari likikauka, rudishia.

Kichupa cha kuyeyushia barafu kisikae garini. Kikae kwenye mkoba au mfuko wa koti. Nalisema hili kwa msisitizo kila mwaka kwa wanaoanza kazi, na kila mwaka nawakuta wamekiweka kwenye kisanduku cha mbele cha gari, nyuma ya mlango ulioganda.

Hata kuegesha kuna akili yake. Ukiweza, weka mlango wa dereva upande usiopigwa na upepo, au uelekee mashariki ili jua la asubuhi liufikie kwanza. Mlango mmoja ukigoma, zunguka ujaribu mingine, na buti pia. Mara nyingi upande mmoja umekingwa. Nimeshaingia kupitia mlango wa nyuma, nikapita katikati ya viti na koti langu lote na viatu vya theluji, nikawasha gari, nikaacha hita ifanye kazi yake kwa ndani. Angalia tu usijifungie nyuma ambako kitasa cha watoto, kile kinachozuia mlango usifunguliwe kwa ndani, kimewekwa, na kabla ya kuwasha hakikisha bomba la egzosi halijazibwa na theluji. Wala usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa ukisubiri barafu iyeyuke. Kile kinachoua ndani ya moshi ule hakina harufu ya kukuonya, na huku kila majira ya baridi watu wanafariki kwa namna hiyo.

Mwili ndio wa kulindwa kwanza. Upepo ukiufanya mwili uhisi nyuzijoto 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa karibu nusu saa, na zikishuka zaidi muda unakuwa mfupi zaidi. Vidole vya mtu anayehangaika na ufunguo huwa wazi, kwa sababu ufunguo haushikiki kwa glavu nene. Mimi huvaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, ili nikivua za juu nisibaki na mikono mitupu. Nikijaribu kwa dakika chache bila mafanikio narudi ndani, najipasha moto, kisha natoka tena. Wale vijana wapya naona wanaona haya kurudi ndani, wanadhani watachekwa. Hakuna wa kuwacheka. Walinzi wa mlangoni wenyewe wana vichupa vyao.

Kwenye maegesho yetu sasa tuna utaratibu ambao haukuandikwa popote: anayetoka zamu ya usiku haondoki mpaka mwenzake amewasha gari. Tunasimama na injini zinanguruma, taa zimewashwa, tunahesabiana. Mgeni asiyeweza kufungua lake anapakiwa kwenye la mwingine, gari lake linabaki hadi mchana joto lipande, na mtu anamrudisha kulichukua. Ufunguo wa akiba kila mmoja ameuacha kwa mtu anayemwamini. Wangu uko kwa dada mmoja Mkisii anayekaa jengo linalofuata, naye wake uko jikoni kwangu, umetundikwa kwenye msumari juu ya friji.